Karatasi ya Mwisho ya Utenzi wa Baba

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni kule Iyula, enzi za Mwingereza, na alikuwa mshairi. Mashairi yake yalitoka gazetini, na washairi wenzake wa pwani walimwandikia barua ndefu za kumkosoa vina. Barua na miswada yote aliiweka kwenye sanduku la bati. Juu kabisa lilikaa daftari la utenzi wake wa kahawa, alioumaliza wiki moja kabla ya kufa.

Baada ya matanga, wazee wakagawa vitu vyake, maana kila ndugu sharti apate kitu alichokishika marehemu. Koti, jembe na baiskeli vikaisha upesi, ndugu wakabaki wengi. Basi baba mkubwa akafungua sanduku, akalichana daftari karatasi moja moja, akagawa kwa kufuata umri. Yeye mkubwa alichukua mwanzo. Shangazi, kitinda mimba, aliyeolewa Tunduma, akapata mwisho. Mimi, mtoto wa pekee wa marehemu, niliomba japo karatasi moja yenye mwandiko wa baba. Wakasema nimekwisha kurithi pua yake, inatosha. Nilikasirika hata nikasusa chakula, jambo ambalo halijanitokea tena.

Mwaka uliofuata akaja Mzungu mmoja wa chuoni, mtu mpole, aliyekusanya barua na miswada ya washairi ili itunzwe maktabani. Sanduku alilikuta na barua tu. Nikapewa kazi ya kumzungusha kwa ndugu. Karatasi ya kwanza baba mkubwa alikuwa ameibandika ukutani kwa uji. Ya nne, kule Itaka, ilikuwa imefunika kibuyu cha maziwa. Ya saba ilikuwa imevutwa, na baba mdogo aliapa kwamba tumbaku haijapata kuwa tamu vile. Mgeni aliyaandika yote hayo kwenye kitabu chake, polepole. Wote walitoa bila ubishi, kwa sababu kila mmoja alipewa kipande cha sabuni.

Shangazi aliikataa sabuni. Alimwambia mgeni kwamba karatasi yake iliungua zamani, akamkaribisha chai. Mgeni alipotoka kwenda kwenye gari, shangazi akanivutia jikoni, akafungua pindo la kanga.

"Nisomee," akasema. "Mimi sijui kusoma."

Desturi ya tenzi ni kwamba mwishoni mtunzi hujitaja, kisha humtaja aliyemtungia. Nikasoma jina la baba. Ubeti uliofuata ulikuwa na jina langu. Alikuwa amenitungia mimi utenzi wote, pamoja na ile karatasi iliyovutwa. Nikalia, sioni aibu kusema.

Shangazi akaikunja karatasi, akanitia mkononi.

"Basi si yangu hii. Mwenyewe ndiye wewe."

Nikapanda gari la mgeni, karatasi ikiwa kifuani. Njia nzima hadi Vwawa alisikitika kwamba utenzi umekosa mwisho, nami nikamwambia pole. Naambiwa huko maktabani wameandika kwamba mwisho haukupatikana.