Viwiko Chini, Mzee Njuguna

Saa saba mchana, Jumapili, na nyama bado haijaiva. Katika ua wa klabu moja mtaani Kilimani, wateja wanatafuna kachumbari kwa hasira. Jukwaani, mzee mwenye kofia pana ya kahawia anaketi nyuma ya gitaa linalofanana na meza nyembamba. Lina nyuzi kumi juu na pedali chini, na katikati vipo vyuma vya kusukuma kwa magoti.

Hapigi. Anaiacha mikono ining'inie pembeni, anaikung'uta kama mtu aliyenawa akakosa taulo, kisha anailaza taratibu juu ya nyuzi. Anakagua kiwiko cha kulia, halafu cha kushoto. Vyote viko chini, karibu na mbavu.

"Mzee, unaomba ama unacheza?" mteja mmoja anamtania.

"Nafanya zote mbili," anajibu Njuguna Gathecha.

Kipande cha chuma kilicho mkononi mwake kinateleza juu ya nyuzi. Sauti ndefu ya kulia inatoka, ile inayomkumbusha mtu watu aliowasahau, na hata mchoma nyama anageuka kusikiliza.

Njuguna, 66, anaishi mtaa wa Satellite. Siku za wiki hutengeneza amplifaya katika chumba kidogo katikati ya jiji. Jumapili hupiga gitaa la pedali katika bendi ya nyimbo za kantri, na hulipwa Sh2,500. "Hiyo si pesa ya kujenga nyumba," anasema akicheka. "Lakini hii kitu imenilea."

Miezi mitatu iliyopita alikuwa tayari kuliuza.

Alilinunua mwaka 1985 pamoja na rafiki yake, Mungai, kutoka kwa mhandisi Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mwalimu hakuwepo. Walichokuwa nacho ni santuri moja ya kantri, na juu ya jalada lake picha ya mpigaji aliyevaa koti jekundu lenye nakshi mikononi, viwiko vimeinuliwa juu kama mabawa.

"Mwalimu wetu alikuwa karatasi," anasema Njuguna. "Tulitundika hiyo picha kwa ukuta ya Mungai, pale Riruta. Mimi nikicheza, yeye anasimama na rula. Kiwiko ikishuka, nachapwa! Yeye akicheza, rula iko kwangu."

Anacheka hadi anakohoa.

Mabega yaliwaka moto miaka hiyo yote. Walidhani hiyo ndiyo gharama ya ufundi. "Tuliambiana, mtaka cha mvunguni sharti ainame," anasema. Mwaka 1999 vidole vya Mungai vilikufa ganzi, akaacha muziki, akafuga kuku. Alifariki mwaka 2021 akijiita mzembe aliyeshindwa na mbao na nyuzi.

Mwaka huu zamu ikawa ya Njuguna. Hakuweza kuinua hata kikombe cha chai. Daktari alimwonya kwamba akiendelea vile, mkono utamwacha njiani. Binti yake, Hannah, hakumumunya maneno: "Baba, hiyo gitaa itakumaliza. Uza."

Mnunuzi akapatikana, Kaloki, mpiga gitaa kutoka Athi River. Wakakubaliana akalichukue Ijumaa. Asubuhi hiyo Njuguna akalipeleka mjini, pamoja na lile jalada kuukuu, ili aage vyote kwa mpigo mmoja.

Lakini chumba chake cha kazi mjini hakitumii peke yake. Nyuma ya pazia hushona Mwanasha Shee, fundi wa nguo kutoka Lamu, ambaye amekaa mjini miaka 22. Alitoka kuliona gitaa ambalo jirani yake hulitaja kila siku, akalichukua jalada, akalisogeza dirishani.

"Koti zuri, mashallah! Lakini huyu hachezi," alisema.

"Anacheza, Mama Mahira," Njuguna alimjibu. "Si unaona chuma mkononi?"

"Baba Hannah, mie nashona mikono ya makoti tangu sijaolewa. Mtu akiwa kazini, nguo hujikunja hapa kiwikoni. Hii imenyooka, hata mstari wa pasi waonekana. Huyu kainua mkono watu waone nakshi. Apigwa picha tu!"

Miaka arobaini! Njuguna na Mungai walikuwa wameiga pozi la mtu anayeringia koti.

Mwanasha hakumwacha azubae. Alikunja vitambaa viwili, akaviweka juu ya kigoda ili mzee akae juu zaidi. Kisha akachukua rula yake ya mbao, akaigusisha kwenye kiwiko.

"Shusha. Shusha tena. Bega lisipande shingoni. Mie ningekaa viwiko juu hivyo chereheni, adhuhuri isingenikuta kazini," alimwambia. "Haya, piga sasa."

Akapiga. Alingoja ule moto wa begani uje, kama ulivyozoea kuja. Haukuja.

"Nililia, siwezi kuficha," anasema. "Sikulilia bega. Nilimlilia Mungai. Nilimchapa na rula kwa sababu ya koti ya mtu!"

Kaloki alipofika saa sita, alikuta mwenye mali amebadili nia. "Nilikasirika sana, nilikuwa nimekodi gari," anasema. "Lakini mzee akanikalisha chini, akaniambia, sikuuzii, nakufunza." Sasa huja kila Alhamisi.

Bega halijapona kabisa. Njuguna hupiga nusu saa, hupumzika, hurudi. Hannah bado ana wasiwasi, ila ameacha kutaja habari za kuuza.

Mpango wa mzee ni mdogo. Anataka apigwe picha moja kubwa akiwa kazini, viwiko chini, katika shati la mikono mifupi ambalo Mwanasha tayari analishona. Nakala moja ataitundika chumbani mwao mjini. Nyingine ataipeleka Riruta kwa Waringa, mjane wa Mungai.

"Msumari wa ile picha ya zamani bado uko kwa ukuta, nimeuona," anasema huku akikung'uta mikono kwa wimbo wa pili. "Nitatundika hapo hapo. Halafu nimwambie Waringa, bwana yako hakuwa mzembe. Tulidanganywa na picha."