Aslaug na Maandazi ya Jua

Kijijini kwetu, kaskazini mwa Norwei, jua likituaga Novemba hatulioni tena hadi mwishoni mwa Januari. Siku linaporudi, wote hutoka adhuhuri kulipokea, kila mtu na andazi la Aslaug lenye jamu katikati. Anayelipa jua kisogo siku hiyo husemwa pombe ya jana bado iko kichwani. Tumewahukumu wengi hivyo, maana midomo yetu haina breki.

Aslaug mwenyewe hajawahi kulifurahia jua hilo. Nuru ikirudi tu, jicho lake la kushoto huanza: maumivu ya msumari wa moto, kope kulegea, machozi kumtoka, na tundu la pua la upande uleule kuvuja. Hawezi kulala wala kukaa; huzunguka tu. Wiki kadhaa zikipita humwacha, hadi mwaka mwingine. Baba yake, Edvin, alikuwa vivyo hivyo. Alijifungia kwenye banda la boti, akitoka na jicho jekundu, na kijiji kikamwita Edvin wa Chupa. Katika ukoo wao maumivu hayatajwi, basi akafa na jina hilo. Linaniudhi mpaka leo.

Mwaka jana Mzee Hilmar alimwahidi Jostein, mwana wa Aslaug, usukani wa boti yake ya kuvulia chewa. Siku ya jua ikafika. Mwanga ulipochungulia mlimani, Jostein aliangusha andazi kwenye theluji, akashika jicho, akakimbilia banda la babu yake. Watu wakakonyezana. Hilmar akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba damu ya Edvin haijifichi na boti yake hampi mlevi.

Aslaug alisikia. Akavua aproni, akaingia dukani kwake, akatoka akiburuta kwa sleji, ubao wa kuteleza thelujini, mtungi wa oksijeni aliopewa na daktari wa mjini kutuliza maumivu yake. Akapita katikati yetu, jua kalipa kisogo mchana kweupe. Bandani alimkuta Jostein akijigonga ukutani, akamvika barakoa.

"Vuta, mwanangu. Usiseme kitu, vuta tu."

Sisi tulijazana mlangoni, umbeya ukitusukuma. Taratibu mabega ya kijana yakashuka. Hapo Aslaug akamgeukia Hilmar.

"Umesema damu, Mzee, na kweli ni damu. Daktari kaniambia ugonjwa huu wa kichwa una familia zake. Si kila mtoto anaupata, ila wengine wanaupata. Saa iliyomo kichwani inachanganyikiwa mwanga ukibadilika. Baba alikuwa nao, mimi ninao, na huyu leo ndiyo kwanza umemfikia."

"Lakini Edvin..."

"Baba hakuonja hata bia. Ungemnusa ungejua. Wewe ulimfukuza kazi botini mwako bila hata kumnusa."

Hilmar alikohoa, akautazama mtungi.

"Sasa huo, botini tutaufunga wapi?"

"Kwanza daktari amwone. Akimruhusu, utaufunga mbali na injini, mahali mkono wake unafika."

Hilmar akaitikia kwa kichwa. Ukutani, kwenye kigingi, koti la Edvin la baharini lilikuwa bado limetundikwa. Mzee akavua kofia mbele yake, akasimama kichwa wazi katika baridi ile, akilipa jua kisogo mpaka likatua.