Alama ya Moto Shavuni

Mawingu nayachukia. Nasema yale ya picha za kilio: buluu ya sabuni, njiwa wawili, mlango wa dhahabu, na katikati marehemu aliyelainishwa mpaka anafanana na yai. Siku hizi hapa Lubumbashi mtu akifa, wachoraji wa tableti wanamtengeneza upya. Wanampa weupe, wanamvalisha kostimu na tai ambavyo hakuwahi kuwa navyo, kisha picha inachapwa na kusimamishwa kwenye mlango wa matanga.

Mimi pia nachora kwenye tableti. Shule ya sanaa sikuiona, na sekondari niliiacha njiani, basi labda sijui ninachosema. Nilijifunza sebuleni kwa shangazi, mtaa wa Katuba, kwa kuangalia picha yake ya mamba muntu ukutani, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Aliyemchora hakulainisha kitu. Tumbo lilikuwa na mikunjo. Mpaka leo ngozi naianza na kahawia nzito kama yake, halafu natafuta mwanga kidogo kidogo.

Jirani yangu hapa Bel-Air ni bwana wa mawingu. Anaingiza foto, anabonyeza, imekwisha, kisha anaandika jina lake kubwa kuliko la marehemu. Eti sanaa! Lakini niseme haki: mikono anaichora vizuri. Yangu inatoka kama vichane vya ndizi.

Papa mmoja, mzee wa mtaa wetu, aliyezeeka kwenye tanuru la shaba, alifariki. Foto ilikuwa moja tu, ya kadi ya uchaguzi, giza tupu. Watoto wake wakampa jirani kazi. Mjane alipoona picha iliyotoka akaniita pembeni.

"Mutoto yangu, ule njo nani? Bwana yangu alikuwa na alama ya moto ku shavu. Minaogopa nitasahau sura yake."

Nikakaa naye, nachora, anasahihisha.

"Pua yake ilikuwa kubwa. Ongeza. Usimuonee haya!"

Pua ilikubali. Alama ilikataa. Nikaifuta, nikairudia, ikabaki tope. Yule mama akachoka na mimi.

"Haikuwa vile. Ilishuka hivi."

Akaweka kidole juu ya kioo, akavuta. Brashi ya tableti ilikuwa bado wazi: mstari mwekundu-kahawia ukashuka toka chini ya jicho mpaka kwenye taya.

"Eh! Nimeharibu!"

Kwenye tableti kosa linafutika kwa kugusa tu. Kidole changu kilikuwa tayari. Lakini mama aliinamia kioo, anaangalia.

"Acha," akasema. "Njo yeye, bwana yangu."

Jirani alipita, akachungulia, akaniita kama mkubwa wake. "Yaya, umesahau kumusafisha? Anaenda mbinguni na uchafu?"

"Na weye umemufuta," mama akamjibu. "Huko nitamujua namna gani?"

Matangani yalisimama mawingu, kwa sababu watoto ndio walioamua. Watu waliyapenda, siwezi kuficha. Mama alikaa karibu nayo, simu mapajani, akiangalia ile niliyomtumia, yangu.

Nasema yangu. Mstari ule nimeujaribu tena na tena kwenye nyuso nyingine, hautoki. Mtu asiyewahi kushika brashi aliuweka kwa kidole kimoja, na mimi ndiye ninayemcheka jirani. Jirani angeandika jina lake chini ya picha. Mimi sikuandika. Ningeandika la nani?