Somo Wangu Bado Anafumua

Wiki iliyopita nilikwenda tena Nyakato kumpelekea somo wangu sweta. Tuliitana somo tangu utotoni kwa sababu tulibatizwa jina moja, na mama yeyote akiliita mtaani tuliitika wote wawili. Sweta lenyewe nimelifuma msimu mzima wa mvua: la bluu, zito, lenye misuko miwili kifuani. Usiniulize nani anavaa sweta zito Mwanza hii, na jua lake la kukausha dagaa kwa asubuhi moja. Nilitaka tu alishike, aguse ile misuko, anitambue hata kwa dakika moja, maana tangu mwaka jana akili yake inapotea na mimi napotea nayo.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Tulikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, vyumba viwili viwili vilivyoungana kama mabehewa. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mfumaji. Pamba ya Usukumani ilipita mbele ya mlango wetu kwa malori, lakini uzi wa sufu dukani ulikuwa hadithi. Basi jirani alitafuta uzi wake kwenye nguo za mitumba zilizoletwa misheni, zile tulizoziita kafa-ulaya. Alichagua masweta yaliyotoboka viwiko, akatupatia sisi watoto tuyafumue.

Unaanzia begani. Unakata mshono kwa meno, unautafuta mwanzo wa uzi, unavuta, na sweta linaanza kwenda lenyewe, krrr, mstari baada ya mstari. Mmoja anavuta, mwenzake ananyoosha mikono miwili mbele kama anayepokea mtoto, na uzi unazungushwa juu yake. Mikono ya kunyooshwa ilikuwa yangu kila siku. Somo wangu ndiye aliyevuta, kwa sababu yeye alikuwa na subira na mimi nilikuwa na mdomo. Jirani aliujua huo mdomo, akauziba kwa matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa hadi vikawa vigumu kama ngozi. Uzi ukikatika, alisema bila hata kugeuza shingo, "Haraka haraka haina baraka," nasi tukafunga fundo na kuendelea.

Somo wangu alikuwa mchokozi wa kimyakimya. Aliniambia kila sweta la kafa-ulaya lina mwenyewe, na kwamba jua likizama hatujamaliza, mzungu marehemu atakuja kudai mkono wake uliobaki. Niliamini. Nilimhimiza avute upesi huku machozi yananilengalenga, naye akivuta polepole makusudi.

Uzi uliofumuliwa ulifuliwa kwa sabuni ya mche, ukaanikwa kambani na jiwe likafungwa chini yake ili unyooke. Upepo wa ziwani ulikuja na harufu ya dagaa, na uzi haukujua kukataa. Kofia za watoto wachanga wa mtaa wetu zote zilinukia dagaa kidogo, wala hakuna mzazi aliyelalamika.

Tulijifunza kufuma kwa spoki za baiskeli tulizozisugua kwenye jiwe. Ile misuko hatukufundishwa na mtu. Tulikuwa tunasukwa nywele kibarazani, somo wangu akasema kama nywele zinasukika, na uzi utasukika. Tuliharibu, tukafumua, tukaharibu tena, mpaka siku moja ikatokea. Jirani aliigeuzageuza mkononi, akasema, "Hii ni yenu, mimi siiwezi." Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko siku ile, hata siku ya harusi yangu.

Tukakua, tukaolewa, tukawa mama wa watu, na kila Jumamosi tuliendelea kukaa kibarazani na wenzetu, kila mmoja na sindano zake. Tulifuma vitambaa vya makochi, shali za wazazi, masweta ya watoto wanaoanza shule. Wenzetu wengine wamekufa, wengine wamefuata watoto wao mbali. Tukabaki wawili, na sasa sijui kama naruhusiwa kusema wawili.

Akili yake ilipoanza kupotea, mara ya kwanza nilimpelekea shali. Nilipokwenda kunywa maji na kurudi, ilikuwa imebaki nusu. Nikamletea soksi, akazifumua. Nikamletea kitambaa cha meza, akakifumua, na nilipojaribu kumnyang'anya alilia kwa sauti ya mtoto. Binti yake, ambaye ndiye anamlea, alinishika mkono tukiwa mlangoni.

"Mama mkubwa, usijichoshe tena. Chochote utakacholeta atakifumua tu."

"Hiki hatakifumua," nikamwambia, nikimwonyesha sweta. "Hiki tulikibuni pamoja."

Ndivyo nilivyoingia wiki iliyopita, na kiburi changu chote, nikamwekea sweta mapajani. Alilipapasa. Vidole vilifika kwenye misuko vikasimama, vikapanda nayo, vikashuka nayo. Kisha akaligeuza, akautafuta mshono wa begani, akauweka menoni.

Krrr. Misuko yetu ilifunguka mbele ya macho yangu na uso wake ukang'aa kwa raha. Mikono yake bado inakumbuka, ila kazi ya mwisho tuliyojifunza, kufuma, imetoka kwanza, na imebaki ile ya mwanzo kabisa, kufumua. Nilikata tamaa, nakwambia kweli, nilikata tamaa hadi nikahisi baridi na jua lile. Nikasogeza kigoda mbele yake, nikanyoosha mikono yangu miwili. Kama sura yangu imempotea, nilidhani, hii haiwezi kumpotea.

Aliitazama mikono yangu, mishipa iliyosimama, ngozi iliyokunjamana. Akaishusha taratibu mapajani pangu, kwa adabu, kama tulivyofundishwa kwamba mtoto hampi mtu mzima kazi. Akapiga goti dogo pale pale alipokaa.

"Shikamoo bibi," akasema. "Wewe pumzika tu. Namsubiri somo wangu, yeye ndiye ananishikiaga uzi. Amechelewa leo."

Yule anayemsubiri ningempata wapi? Jirani hayupo, kibaraza kimevunjwa, na duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu anayenikumbuka nikiwa mtoto. Sasa ananikumbuka vizuri sana, na hanijui. Tumezaliwa mwaka mmoja, tumekula sahani moja, na alikuwa hajawahi kuniamkia hata kwa utani. Lakini mtoto akikuamkia humnyimi jibu.

"Marahaba," nikamwambia. "Marahaba, mjukuu wangu."