Ng'ombe Wanne na Sanduku la Mawe ya Mizani

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, katika msimu wa kahawa wa mwaka wa pili wa Uhuru, mizani kubwa ya shamba ilipima gunia moja mara tatu ikatoa majibu matatu. Ya kwanza ratili mia moja thelathini na mbili, ya pili mia moja ishirini na saba, ya tatu mia moja na arobaini. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa karani wa ghala katika shamba moja la kahawa juu ya Karatu, na kazi ya karani ni kuandika hata asichokielewa.

Lori la kwenda Arusha lilikuwa limewashwa tayari. Wapakiaji, wengi wao vijana wa Singida, waliketi juu ya magunia wakafurahia mapumziko.

"Karani, andika zote tatu," mmoja alisema. "Bwana mkubwa atachagua anayoipenda."

Bwana mkubwa, yaani meneja, alisema fundi wa mizani hukaa Arusha na kumngoja ni siku nane au tisa. Akaondoka akiwa amekasirika. Nami nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimelitamani miaka sita: nikaomba bisibisi kwa dereva wa trekta, nikafungua mbao za sakafu ya mizani.

Lazima nieleze hapa kwamba shule nilisoma miaka minne tu. Hesabu niliendelea nayo mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada nilichonunua mnadani kwa senti hamsini, na habari za vyuma nilijifunza kwa kufungua saa mbovu za watu waliokuwa wamekwisha kuzikatia tamaa. Mizani niliipenda kuliko saa. Saa ikikosea, mtu mmoja huchelewa. Mizani ikikosea, wawili hugombana, na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ni mwizi. Ndani ya mizani nilikuta mkono mrefu wa chuma unaolala juu ya makali mawili, vyuma vilivyochongwa kama makali ya kisu. Moja lilikuwa limeteleza kutoka mahali linapolala, na chini yake palikuwa na udongo na punje mbili za kahawa. Nilisafisha, nikalirudisha mahali pake, nikapima lile gunia mara tano. Mara zote tano lilitoa mia moja thelathini na moja na nusu. Lori likaondoka saa saba kasoro dakika kumi.

Fundi alikuja hata hivyo, siku ya tisa. Alikuwa mzee wa Kihindi, mwenye miwani minene. Aliizunguka mizani yetu na jiwe lake la kupimia, akafungua mbao, akachungulia kwa muda mrefu.

"Nani amefungua hapa?"

Nilikiri. Nilidhani atanikaripia, kwa maana mizani yenye muhuri wa serikali haifunguliwi na kila mtu.

"Umetia mafuta kwenye makali?"

"Sikutia. Niliona mafuta yatashika vumbi."

Alifuta miwani yake. "Miaka thelathini nawaambia watu wasitie mafuta," alisema. "Wewe nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Tulikula pamoja mchana ule, ugali na maharage, chini ya paa la ghala. Aliniambia kwamba macho yake hayasomi tena alama ndogo za wakia. Alitaka kuuza kila kitu: sanduku la vifaa, mawe madogo ya shaba ya kupimia mizani za madukani, na mawe makubwa ya chuma ya kupimia mizani za mashamba. Pamoja na hayo angemwonyesha mnunuzi wateja wake wote, kuanzia Mto wa Mbu mpaka Oldeani na Mbulu, na kumtambulisha kwa mkaguzi wa mizani wa serikali ili apate kibali. Bei ni shilingi elfu moja mia mbili na hamsini. Angerudi mwezi wa kwanza, na mwenye fedha mkononi siku hiyo ndiye angechukua.

Mshahara wangu ulikuwa shilingi mia moja na themanini kwa mwezi. Nilikuwa na mke, watoto watano na shamba la ekari tatu la mahindi na maharage. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kazi ninayoiwaza usiku na mchana inauzwa.

Jumapili ile nilichora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika bei. Kulia niliandika akiba yangu ya posta, shilingi mia tatu na tisini. Chini yake nikaandika mkopo, mia mbili, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuzungumza na mwenye duka ninayenunua sukari kwake, Mrangi kutoka Kondoa, Mwislamu mcha Mungu ambaye mizani yake ya sahani mbili ilikuwa na sifa mbaya kuliko yeye mwenyewe.

"Riba mimi siichukui," aliniambia. "Mia mbili nitakupa. Lakini ukichelewa kulipa, sitakushtaki. Nitakuwa nakusalimia tu kila siku mbele za watu, kwa sauti kubwa."

"Mzee, hiyo si riba hiyo?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa akingoja chumvi.

"Riba ya salamu haikukatazwa. Na wewe mama, kidole chako kitoe kwenye sahani."

"Nimekiweka kusaidia. Upande wako umezoea kubebwa."

Zilibaki shilingi mia sita na sitini. Nikaandika: ng'ombe wanne, kila mmoja mia moja na sabini, jumla mia sita na themanini. Zilizidi ishirini, nauli yangu ya kwenda Arusha kuchukua kibali. Nilipiga mistari miwili chini ya jumla kama tufanyavyo makarani, nikamwita mke wangu aone.

Mke wangu alikuwa hajui kusoma, lakini hesabu za kichwa alinishinda. Nilimsomea. Aliniuliza kwa Kiiraqw, nami nikamjibu kwa Kiswahili, maana hivyo ndivyo nilivyofanya nilipotaka jambo lionekane limekwisha kuamuliwa.

"Ng'ombe gani wanne?"

"Wangu. Wawili wako Buger kwa rafiki yangu, mmoja yuko kwa kaka yako, mmoja yuko kule chini kwa yule mjane."

"Baba watoto, umewaandika ng'ombe. Watu wanaokunywa maziwa yao hujawaandika."

Kwetu mtu mwenye akili halazi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Huyu humweka kwa rafiki, yule kwa shemeji, mwingine kwa jirani asiye na kitu. Anayemfuga hunywa maziwa na kupata samadi ya shamba lake, ndama wanabaki wa mwenye ng'ombe, na baada ya miaka mfugaji mwema hupewa mtamba, ndama jike aliyekua, awe wake. Ng'ombe akifa, mfugaji huleta ngozi, na ngozi ndiyo ushahidi kwamba hakumuuza. Hivyo ugonjwa ukiingia boma moja haukumalizi. Niliyajua hayo tangu utotoni. Lakini mbele ya ule mstari wangu nilikuwa nimewahesabu kama noti zilizowekwa kwa watu watatu wanisubirie, na nilitaka kuwakusanya wote, niwatie ndani ya sanduku moja.

"Sheria inaniruhusu kuwachukua," nilisema.

"Inakuruhusu. Nenda kawachukue."

Nilikwenda Buger Jumamosi iliyofuata, mwendo wa saa tano kwa miguu. Rafiki yangu wa Buger tulichunga pamoja tukiwa wadogo. Alikuwa amekaa na ng'ombe wangu wawili kwa miaka saba, na mmoja alikuwa amezaa karibuni. Nilimkuta akipalilia maharage. Aliniona kutoka mbali, akaegemea jembe.

"Karani amekuja kwa miguu," alisema. "Basi limekufa, au umefukuzwa kazi?"

"Nimekuja kukuamkia tu."

"Mtu hatembei saa tano kuamkia. Kaa kwanza."

Tulikaa nje, kwa sababu mkewe alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue, na kwetu mzazi hafikiwi na wageni siku hizo. Nilimsikia mtoto akilia ndani, sauti nyembamba sana, kisha akanyamaza. Mama mkwe wa mzazi, yaani mama yake rafiki yangu, alipita mbele yetu na kibuyu cha maziwa akiingia nacho ndani. Alisimama akanishukuru. Alisema maziwa ya mama bado hayajatosha na mtoto alizaliwa mdogo, ila kwa baraka ya ng'ombe wangu mzazi anakunywa na anapata nguvu.

Nilimweleza rafiki yangu habari zote: mzee wa Arusha, sanduku, bei, mwezi wa kwanza. Sikuacha kitu. Alisikiliza huku akifikicha udongo kwenye vidole vyake.

"Hiyo kazi unaiweza?" aliuliza.

"Naiweza."

"Basi ng'ombe ni wako. Kesho asubuhi nitakushikia kamba hadi barabarani. Yule aliyezaa atakusumbua, anapenda kurudi nyuma."

Hakuangalia upande wa nyumba. Laiti angenilalamikia, ningekuwa na majibu, maana nilikuwa nimeyaandaa njiani.

Nililala pale. Asubuhi alimfungua kwanza yule ng'ombe aliyezaa, akanipa kamba mkononi kabla hajakamuliwa, ili safarini ndama apate kunyonya. Nilisimama nikiishika kamba ile kwa muda ambao nadhani haukuzidi dakika mbili. Kisha nikamwambia amkamue. Nilisema nitamfuata siku nyingine, mvua zikiisha. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba mwezi wa kwanza haungojei mvua.

"Utapataje lile sanduku?"

"Nitajua njiani."

"Umekuja na njaa ya ng'ombe, unarudi na njaa," alisema, akacheka kidogo, akanijazia maziwa katika chupa ya kunywa barabarani.

Njiani ndipo nilipofanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kwanza. Sikujiuliza tena nina kiasi gani. Nilijiuliza ni kiasi gani ambacho nikikipoteza nitaumia mimi peke yangu. Akiba ya posta ilikuwa yangu, niliitoa katika tumbaku na viatu vyangu. Deni la dukani ningelilipa kwa mshahara, mradi nisiache kazi. Ng'ombe walikuwa wangu kwa ngozi, lakini maziwa yao yalikuwa ya nyumba tatu. Kwa kipimo hicho nilikuwa na uwezo wa shilingi mia tano na kitu.

Mzee alipokuja mwezi wa kwanza nilimweleza kwamba siwezi kununua vyote. Nilimwomba aniuzie vifaa na mawe madogo tu. Hakupenda, alisema mawe madogo bila makubwa ni nusu ya mtu. Lakini alikumbuka habari ya mafuta, akakubali shilingi mia tano. Nilitoa zile mia tatu na tisini na nikakopa dukani mia moja na hamsini. Arobaini zilizobaki zikawa nauli na ada ya kibali. Mawe makubwa, pamoja na kazi za mashamba yote, aliyauza kwa mtu wa Babati mwenye gari dogo la mizigo.

Nikabaki karani siku za kazi na fundi Jumamosi jioni na Jumapili. Mizani ya kwanza kuitengeneza ilikuwa ya mwenye duka wangu. Ilikuwa ikipunja nusu wakia, na la ajabu ni kwamba ilimpunja yeye. Alihesabu miaka kwa vidole.

"Karani," alisema mwishowe, "jambo hili usiwaambie wateja. Watadai nilikuwa nawapenda."

Deni lake nililimaliza kwa miezi kumi, shilingi kumi na tano kila mwezi. Hakupata nafasi ya kunisalimia kwa sauti kubwa hata mara moja. Lakini sitaficha upande wa pili. Mtu wa Babati alikuja shambani kwetu msimu uliofuata, akatengeneza ile mizani kubwa niliyoifungua mimi kwa bisibisi ya kuazima. Alilipwa shilingi tisini kwa kazi ya siku moja. Hati ya malipo niliiandika mimi kwa mkono wangu, na mwandiko wangu siku hiyo haukuwa mzuri.

Masika ya mwaka ule ule nilionunua vifaa, ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe, iliingia Buger na kule chini. Mjane alinitumia ngozi kwa mtoto wa jirani. Ya Buger aliileta rafiki yangu mwenyewe, ameikunja begani, na mkono wa pili ameshika kamba ya ndama jike. Alikuwa ametembea saa tano. Aliniwekea ngozi miguuni, ya yule ng'ombe aliyezaa, ili nione alama ya sikio.

"Ungemchukua siku ile," alisema, "ungekuwa na fedha yake."

"Mtoto hajambo?"

"Anatambaa. Jana amekula udongo."

Nilimwambia arudi na ndama, na kwamba ndama huyo si wa kufuga tena, ni wake. Alibisha kidogo kama inavyopasa, kisha akanywa chai, akaondoka naye.

Jioni nilifungua ukurasa wenye mistari miwili. Ndama sikumwandika, kwa kuwa aliyepewa alistahili. Niliandika ng'ombe wawili waliokufa, mia moja na sabini kila mmoja, ambao ningewauza mwezi wa kwanza kama ningeshika kamba ile dakika ya tatu. Nikatoa bei ya ngozi mbili, shilingi saba kila moja, nilizomuuzia mwenye duka juu ya mizani niliyoitengeneza mwenyewe. Hasara: shilingi mia tatu ishirini na sita.