Barakoa ya Daktari Badar

Imeagizwa, kwa waraka uliopigwa muhuri mara mbili, kwamba kuanzia tarehe mosi Julai 2008 upasuaji ni kazi ya timu. Kwamba ndani ya chumba cha upasuaji hapana aliye mkubwa hata asiambiwe, wala mdogo hata asiseme. Na kwamba yeyote anayehusika na kazi hiyo hatakuwa peke yake. Waraka ulibandikwa mwezi wa Aprili kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, juu ya tangazo la viatu vilivyopotea.

Dk. Badar Sleiman aliusoma mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mwengine yeyote. Alikuwa na miaka sitini na moja, na alikuwa akipasua watu katika hospitali hiyo tangu 1985, aliporudi kutoka masomoni Leipzig. Mkewe alishafariki. Wanawe walikuwa Maskati na wakipiga simu Ijumaa. Nyumba yake ya Mji Mkongwe ilikuwa na ghorofa tatu, naye akitumia chumba kimoja. Alichojivunia ni ukimya wa chumba chake cha upasuaji. "Kwa Bwana Badar," wauguzi wakisema, "kimya kama msikitini saa nne za asubuhi." Alijua kuwa wanasema hivyo, na hakuwahi kuwakatalia.

Mwezi wa Mei, mabingwa sita wa upasuaji na wa dawa ya usingizi walipelekwa Kendwa kwa siku tatu, wakafundishwe kupima ushirikiano wa kazini. Wakati wa masika hoteli za huko hazina wageni na bei zake huwa na adabu. Mkufunzi, Dk. Shamsi Mwalim kutoka Dar es Salaam, alikuwa na miaka thelathini na minane. Aliwaamkia wazee wote sita mmoja mmoja, kisha akawaambia kuwa wamekuja kujifunza. Walimsamehe.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielezea. Unaonyeshwa filamu fupi ya upasuaji, unaacha kutazama mikono ya daktari, unawatazama watu, unatoa alama kuanzia moja, ya chini, mpaka nne, ya juu. Kisha mnalinganisha, kwa sababu watathmini wasiokubaliana hawajapima kitu.

Katika filamu ya kwanza daktari mzee alifanya kazi yake na hapana aliyetia neno. Wote sita walitoa nne.

"Mmekubaliana vizuri sana," alisema Shamsi. "Lakini alama yake ni moja."

"Kwa kosa lipi?" aliuliza Badar. "Hapana hata aliyepiga chafya."

Katika filamu ya pili muuguzi alimwambia daktari asimamishe kazi, maana kitambaa kimoja cha kufyonzea damu kilipungua kwenye hesabu. Wote sita walitoa moja.

"Huyu hakufunzwa kwao," alisema Dk. Hamda, bingwa wa dawa ya usingizi.

Shamsi alisema jawabu ni nne, akawataka radhi. Kisha akairudisha filamu ya kwanza. "Safari hii mtazameni muuguzi tu."

Wakamtazama. Mara tatu aliinua macho kwa daktari. Mara ya tatu barakoa yake ilivutika ndani, kama ya mtu anayevuta pumzi aseme, kisha ikatulia.

Badar aliyajua macho yale. Miaka kumi na tisa aliyaona ng'ambo ya meza yake, juu ya barakoa ya Bi Khamisa Duni, muuguzi wake. Siku zote alidhani ni usikivu.

Tangu kufiwa na mkewe, Badar alikuwa akinywa chai ya tangawizi na Bi Khamisa kila baada ya kazi, katika chumba cha wauguzi, kwenye kiti cha pembeni karibu na dirisha. Hayo ndiyo mazungumzo pekee ya siku yake aliyoyafanya ameketi. Kumuuliza kulikuwa na hatari yake: pengine angejibu. Lakini kanuni ilitaka kila mtathmini mpya apimwe kwanza na timu yake, basi aliporudi kazini akampa fomu. Bi Khamisa aliirudisha baada ya dakika tano, nne kila mahali.

"Bi Khamisa, hii umeijaza au umeipamba?"

"Nimeijaza, daktari."

"Basi nenda nayo nyumbani, ukaijaze nikiwa sipo."

Akaenda nayo Michenzani, akapanda nayo ngazi mpaka ghorofa ya nne, akakaa nayo siku tatu. Alhamisi akaiweka mezani, kando ya vikombe. Kwenye mawasiliano aliandika moja. Pembeni aliongeza: mara mbili, 1994.

"Mwaka 1994 kulikuwa na nini?"

"Nilihesabu vitambaa tisa, navyo vilikuwa kumi. Weye ushaanza kushona. Nikakutazama. Ukasema, 'Uzi.' Nikakupa uzi."

"Kisha?"

"Kisha nikakikuta chini ya meza."

"Alhamdulillahi. Na mara ya pili?"

Bi Khamisa alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Mara ya pili hakikuwa chini ya meza."

"Yule mama wa mwani, wa Paje."

"Ndiye."

Badar alimkumbuka vyema. Siku ya tatu homa ilipanda, akaamua kumfungua tena, akakitoa kitambaa, na yule mama akapona. Kisa hicho alikisimulia katika mikutano mitatu, kuwa ni mfano wa uamuzi wa haraka.

"Siku zote tatu ulikuwa unajua."

"Siku tatu sikulala. Nkawa namuomba Mungu tu umfungue."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia kwa mlango gani, daktari? Hata shikamoo ulikuwa ukiijibu kwa kichwa."

Hakulisema kwa hasira. Badar alitia saini kwenye fomu, kama kanuni inavyotaka, akamaliza chai yake. Bi Khamisa akammiminia nyengine.

Katika jaribio la mwisho la mafunzo, mwezi wa Juni, alama za Badar zililingana na za Shamsi filamu kumi na mbili mfululizo. Hapana mwengine aliyefika saba. Wakubwa walifurahi, wakaona kuwa mtu kama huyo hafai kupotezewa wakati wake kwa kupasua, wakamfanya mtathmini wa kudumu. Ukurasa wa pili wa waraka ulieleza mipaka yake: asimame ukutani, asiseme neno asije akakiharibu anachokipima, na asinywe chai na anaowapima, mapenzi yasije yakaingia kwenye alama.

Mwezi wa Septemba alisimama karibu na kabati la mashuka wakati Dk. Anuar, kijana, akikaribia kushona.

"Simama, Anuar," alisema Bi Khamisa. "Kimoja kimepungua."

Anuar akasimama. Akatia mkono, akatafuta, akakitoa.

"Kumbe ulitaka kumzawadia mgonjwa," alisema Bi Khamisa, na chumba kizima kikacheka. Badar aliandika nne. Akainua macho kumtazama Bi Khamisa. Barakoa ya Badar ikavutika ndani, kisha ikatulia.

Baadae, akiwa ukumbini anamalizia kujaza fomu, aliwasikia ndani ya chumba cha wauguzi, kwenye chai.

"Kiti hiki hakina mtu?" aliuliza Anuar.

"Cha daktari hicho."

"Si haji siku hizi?"

"Haji. Kaa kwengine."

Fomu ina nafasi ya majina saba ya waliohusika na upasuaji. Jina la mtathmini huandikwa nyuma ya karatasi, peke yake.