Anayekufa Kila Ijumaa

Kwa dobi walimwita Bega, maana lawama zote zilitua hapo. Jina hilo alijitafutia kwa wema wake mwenyewe. Dada mmoja mjamzito aliunguza shati la mteja, akaanza kulia, na huyu mpiga pasi mwenzake akasema, "Ni mimi." Ndipo alipoharibu. Tangu hapo kila kilichoungua, kilichochuja rangi au kupoteza kifungo kilikuwa chake, na kila Ijumaa, siku ya malalamiko, alisimama mbele ya wateja akifokewa kwa niaba ya wenzake wote.

Msimamizi alifurahi kupita kiasi. Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili alifundisha kwa machozi jinsi Mmoja asiye na hatia alivyobeba adhabu ya wengi. Somo hilo alilipenda mno. Jumatatu alilifanyia kazi.

"Yesu alikufa mara moja," mkewe Bega alimwambia akimkanda mgongo. "Wewe unakufa kila Ijumaa. Utafufuka lini, mume wangu?"

Bega akanuna. Ukweli ni kwamba alishaanza kuuonea fahari utakatifu wake; hata kutembea alitembea taratibu, kama mtu anayepigwa picha.

Kisha msimamizi, akiongea na simu, akasahau pasi juu ya joho la mchungaji. Alama ikabaki kifuani, ya kahawia, imekaa vizuri kabisa. Mchungaji alipokuja kulichukua, msimamizi akamsukuma Bega mbele kwa upole wa Kikristo.

"Ni huyu, Mchungaji. Tumsamehe tu."

Bega akafungua kinywa aseme yale ya siku zote. Yakagoma kutoka.

"Mchungaji," akauliza, "Yesu alijitoa, au alisukumwa na wenye makosa?"

"Alijitoa mwenyewe, kwa upendo."

"Basi mimi leo sijajitoa."

Wapiga pasi wakainamia nguo zao kwa bidii isiyowahi kuonekana pale. Mchungaji akamgeukia mzee wake wa kanisa. Mzee akajikohoza, akaitazama dari, akaitazama simu, na mwishowe, kwa ujasiri mkubwa, akasema pasi ilikuwa mbovu.

Basi pasi ikahukumiwa. Ikatupwa stoo, nzima kabisa, bila hata kuulizwa.

Jumapili iliyofuata mzee hakuugusa msalaba. Alifundisha safina ya Nuhu, kwa kirefu, mpaka wanyama wote wakaingia, huku mke wa Bega akimfinya mumewe asicheke.